Nilisema Nisilolijua: Maneno ya Kurudisha Kabla ya Ramadhani



Bismillah. Shukrani zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu, leo si darsa ya kawaida. Leo naanza kwa kurudisha maneno yangu mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka 2020, kabla maradhi haya hayajatangazwa Kenya, nilitoa mawaidha baada ya swala ya Isha. Kijana mmoja akanirekodi kwa simu, ikawa klipu ya dakika nne. Wengi wenu mliiona, na wengi mliituma kwa wengine. Nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba maradhi haya ni askari wa Allah aliyetumwa China kwa sababu ya dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu Waislamu kule. La pili, kwamba mtu anayetia udhu mara tano kwa siku hana la kuogopa, hayatamfika. Msikiti mzima ukapiga takbiri. Nami nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Yote mawili niliyasema bila elimu. Niliyasema hadharani, na leo nayarudisha hadharani. Astaghfirullah.

Angalieni kilichofuata. Mwanzoni mwa Machi, Umra ikasimamishwa na tukaona picha za Kaaba ambazo hatukuwahi kuziona maishani mwetu, pale panapozungukwa usiku na mchana pakiwa patupu. Kuala Lumpur, mkusanyiko wa ibada wa watu wapatao 16,000 msikitini ukawa sababu ya maradhi kuenea Malaysia na nchi jirani. Wale walikuwa watu wa udhu, watu wa swala, watu waliotoka majumbani mwao kwa ajili ya dini. Halafu tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba yamefika kwetu. Sasa niambieni, yule askari niliyemtuma China kwa ulimi wangu, amekuja Makka kumtafuta nani? Amekuja Mombasa kumtafuta nani?

Lakini si habari za televisheni zilizonishitua. Kilichonishitua ni ujumbe wa sauti.

Mama mmoja, sitamtaja wala mtaa wake, aliniandikia usiku, kisha akaona kuandika hakutoshi akatuma sauti yake. Akasema: "Ustadh, samahani kwa kukusumbua. Mume wangu ana siku ya tisa anakohoa na homa haishuki. Nikimwambia twende hospitali ananiwekea klipu yako. Ananiambia, Ustadh kasema mwenye udhu hayampati, nikienda huko nitakuwa nimeonyesha sina imani. Ustadh, nimekuomba, mwambie wewe."

Siku tisa, ndugu zangu. Mtu kalala siku tisa na maneno yangu sikioni.

Nilimpigia yule bwana alfajiri ile ile. Nilizungumza naye karibu saa nzima. Mwanzo hakuamini kama ni mimi. Alidhani mkewe ametafuta mtu wa kuiga sauti yangu. Nikamwambia, baba, ni mimi, na nilikosea. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo bado silijibu vizuri: "Sasa Ustadh, kama lile lilikuwa kosa, mengine yote uliyotufundisha tujuaje?"

Alikwenda hospitali asubuhi hiyo. Wakamkuta na nimonia, si korona, wakampa dawa, na Alhamdulillah yuko nyumbani anakula na kuswali. Lakini ingekuwa ni korona je? Na nimonia yenyewe, ingefika siku ya kumi na tano je? Ningekutana na Mola wangu na klipu ya dakika nne ikiwa shahidi juu yangu.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya jambo moja tu: kutojua. Kwa sababu tulikuwa katika siku ambazo hatukujua. Hatukujua haya yatakwisha lini. Hatukujua kama Idi tungeiswali uwanjani. Wanaoweka pesa za Hija miaka na miaka waliambiwa wasubiri. Watoto walikaa nyumbani tangu katikati ya Machi 2020, hakuna aliyejua watarudi shule lini. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na tangu tarehe 8 Aprili Mombasa yetu, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakukuwa na kutoka wala kuingia. Kila jioni watu walikuwa wakingoja idadi mpya kutoka Wizara ya Afya kama wanavyongoja mwandamo wa mwezi.

Katika giza kama hili nafsi inatafuta mtu wa kuiambia kwamba anajua. Na sisi tunaoshika vipaza sauti tunaona haya kusema hatujui. Hapo ndipo msiba unapoingia.

Tumtazame Umar bin Khattab (r.a.). Mwaka wa 18 Hijria alikuwa safarini kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wa jeshi wakamjia na habari kwamba tauni imeingia Sham. Ni ile tauni iitwayo ya Amwas. Umar huyu ndiye tunayemjua kwa ukali wa rai na ushujaa. Je, alipanda juu ya jiwe akatoa fatwa? Hapana. Aliwaita Muhajirina akawauliza. Wakatofautiana. Akawaita Ansari akawauliza. Nao wakatofautiana vivyo hivyo. Akawaita wazee wa Kikureshi waliosilimu wakati wa Ufunguzi wa Makka. Hao ndio waliokubaliana: rudi na watu, usiwapeleke kwenye tauni.

Akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.), mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, akampinga: vipi tukimbie kadari ya Allah? Na Umar akamjibu kwa maana ya kwamba tunatoka kwenye kadari ya Allah na kuingia kwenye kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremkia bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu. Popote atakapochunga ni kwa kadari ya Allah, lakini mwenye akili hachagui upande mkavu.

Kisha akatokea Abdulrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwepo wakati wa mashauri, akawaeleza alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba mkisikia tauni iko katika ardhi msiiendee, na ikishuka katika ardhi mliyomo msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza safari.

Tuzingatie hapa, ndugu zangu. Waliokusanyika pale walikuwa maswahaba. Waliswali nyuma ya Mtume (s.a.w.), walikula naye, walipigana naye. Na wengi wao hawakuijua ile hadithi. Elimu ilikuwa kwa mtu mmoja ambaye hakuwa kikaoni. Ikiwa wao walisema hatujui, wakauliza, wakatofautiana bila kukufurishana, mimi na wewe ni nani tujue kila kitu kwa kutazama video mbili?

Na tusidhani kwamba tauni ile iliwapita wacha Mungu. Abu Ubayda mwenyewe alifariki nayo. Muadh bin Jabal (r.a.), aliyekuwa mjuzi zaidi wa halali na haramu katika umma huu, alifariki nayo. Je, hawa hawakuwa na udhu? Je, walikuwa maadui wa Allah? Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni, akamweleza kwamba ilikuwa adhabu kwa aliowataka Allah, kisha akaifanya rehma kwa waumini, na kwamba anayebaki mjini mwake kwa subira, akitaraji malipo, akijua halitampata ila aliloandikiwa, ana ujira mfano wa shahidi. Basi ugonjwa ule ule unaweza kuwa mtihani kwa huyu, rehma kwa yule, na adhabu kwa mwingine. Nani ana daftari la kujua ni upi kwa nani? Allah peke yake. Mimi nililishika daftari lisilokuwa langu.

Baada ya Abu Ubayda na Muadh kufariki, amri ikawa mikononi mwa Amr bin al-As (r.a.). Yeye akawaambia watu watawanyike milimani, wasikae pamoja. Wapo waliompinga. Lakini watu wakatawanyika, na Allah akaiondoa. Wengi leo wanadhani kukaa mbalimbali ni jambo lililoletwa na mabwana wa ng'ambo.

Nitawapa mfano mwingine, kwa wale wanaonitumia ujumbe kwamba dawa ni kukusanyika wote uwanjani tuombe dua. Imam Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fathul Bari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhlul Maun. Na hakuandika akiwa mbali na msiba: mabinti zake watatu walikufa kwa tauni. Anasimulia kwamba mwaka 833 Hijria, tauni ilipoanza Cairo, wafu walikuwa chini ya arobaini kwa siku. Watu wakahimizwa kufunga siku tatu, wakatoka kwenda jangwani kwa pamoja kuomba, kisha wakarudi. Mwezi haukuisha ila idadi ya wafu ilishapita elfu moja kwa siku. Dua ni silaha ya muumini, na Ibn Hajar alilijua hilo kuliko sisi. Lakini aliona pia kwamba mkusanyiko ule haukuwa na mfano kutoka kwa Mtume (s.a.w.) wala kwa maswahaba katika tauni. Omba dua. Iombe sijdani, chumbani kwako, usiku wa manane. Allah anasikia kutoka Kisauni na kutoka Likoni. Hahitaji tujazane uwanjani.

Sasa nijibu maswali matatu mnayoniletea kila siku.

Swali la kwanza: "Ustadh, misikiti imefungwa na soko la Kongowea limejaa. Hii ni haki?"

Naelewa uchungu huu. Nami naupata kila nikisikia adhana na miguu inataka kutoka. Lakini chakula hakina badala, na swala ina badala ya mahali. Umma huu umefanyiwa ardhi yote kuwa msikiti. Ibn Abbas (r.a.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwamuru muadhini wake awatangazie watu waswali majumbani mwao. Watu wakashangaa, akawaambia kwamba aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo, yaani Mtume (s.a.w.). Hayo yalikuwa matope tu, ndugu yangu. Matope hayaui mzee wa safu ya nyuma.

Na wewe uliyekuwa hukosi jamaa, usihuzunike. Tumefundishwa kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko kwake. Tunataraji fadhila hiyo kwa aliyezuiwa na dharura. Kuhusu tarawehe, kumbukeni Mtume (s.a.w.) aliwaswalisha watu msikitini siku chache, kisha akabaki nyumbani kwa kuchelea isije ikafaradhishwa. Kuiswali nyumbani si mkosi. Baba atangulie, mama na watoto nyuma yake. Kama amehifadhi sura kumi fupi, aswalishe kwa hizo hizo. Wangapi kati yetu watoto wetu hawajawahi kutusikia tukisoma Qur'ani kwa sauti?

Swali la pili: "Basi udhu hauna faida?"

Una faida kubwa, ni tohara na ni nuru. Lakini sikuwa na haki ya kuugeuza kuwa chanjo. Madaktari wanasema kirusi hiki kina utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja. Birika moja ambalo watu mia mbili wanachovya mikono si sawa na maji ya kutiririka na sabuni. Wanasema pia kwamba mtu anaweza kuwa nacho bila kujihisi mgonjwa, akawapa wengine. Mimi katika mambo haya ni mwanafunzi. Allah ametuamuru tuwaulize wenye kujua, na katika hili wenye kujua ni madaktari na wauguzi wetu. Yule bedui aliyeuliza amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliambiwa afanye yote mawili.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Kijana anayevuta mkokoteni aliniandikia: "Ustadh, mnatufundisha kwamba yakini haiondolewi na shaka. Korona kwangu ni shaka. Njaa ya watoto wangu ni yakini. Nikae nyumbani kwa dalili gani?"

Wallahi sikuwa na jibu la kumrudishia yeye. Nilipolifikiri nikaona jibu si lake, ni letu. Mtu anayepata mia tatu leo ndiyo ale leo, hawezi kuambiwa akae ndani na anayeweka gunia la mchele stoo. Hamali aliyekosa kazi, mwenye tuktuk aliyepungukiwa abiria, mama wa mahamri na mbaazi anayeuza alfajiri na kafyu ilikuwa inaisha saa kumi na moja, mtembeza watalii ambaye hoteli zake zilifunga, mwalimu wa madrasa anayelipwa kwa ada za wanafunzi waliokuwa majumbani. Hawa wote wanabeba mzigo wa kutulinda sisi wazee na wagonjwa wetu. Kama wao wanatoa riziki yao ili sisi tuwe salama, sisi tunatoa nini?

Hapa kuna mambo ambayo hayana shaka yoyote ndani yake. Korona hatukuijua, lakini haya tunayajua:

1. Zaka. Kama unangoja mwaka wako utimie Ramadhani au baada yake, na nisabu imeshatimia, itoe sasa. Mtume (s.a.w.) alimruhusu ami yake Abbas (r.a.) kuitanguliza, na madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa Pwani tunaifuata, yanaruhusu kutanguliza zaka ya mwaka mmoja. Njaa haitangoja mwezi uandame.

2. Kodi za nyumba. Wewe mwenye nyumba, mpangaji wako si mwizi, amefungiwa kazi. Kumpa muda mwenye dhiki ni amri iliyomo mwisho wa Suratul Baqara, na kusamehe ni bora zaidi. Kama nawe unaitegemea kodi hiyo kula, kaeni mzungumze, mpunguziane.

3. Jirani. Tulizoea futari ya pamoja, sinia barazani na mkeka msikitini. Mwaka huu funga chakula, kipeleke mlangoni, bisha hodi, ondoka. Fanya mapema. Na usipige picha ya anayepokea.

4. Mgonjwa. Mtu akienda karantini au akipimwa, isiwe habari ya mtaa. Bwana mmoja wa ujumbe wa Thaqif alikuwa na ukoma. Mtume (s.a.w.) alimpelekea ujumbe kwamba kiapo chake kimekubaliwa na arudi. Angalieni adabu hii: alijikinga na hakumdhalilisha. Sisi tunajikinga kwa kudhalilisha. Ndiyo maana watu wanaficha kikohozi.

5. Ulimi na kidole. Kabla hujatuma klipu ya tangawizi na mvuke, ya njama, ya ndoto ya sheikh fulani, jiulize: nitajibu nini nikiulizwa nilijuaje? Kama huna jibu, ifute. Nasema haya kwa mdomo ulioungua.

Narudi kwa lile swali la yule bwana: mengine yote tujuaje? Baba, jibu langu ni hili. Usinichukue mimi kuwa dalili. Niulize dalili yangu. Nikikuletea aya au hadithi, angalia nimeielewa kama walivyoielewa wanavyuoni. Nikizungumza juu ya mapafu na virusi, niulize nimesomea wapi. Imam Malik (r.a.), Imam wa Madina, anajulikana kwa kuulizwa maswali mengi na kujibu mengi yake kwamba hajui. Hakupungukiwa heshima. Mimi nilipungukiwa kwa sababu nilijua kila kitu.

Suratul Luqman inamalizia kwa kutukumbusha kwamba chumo la kesho na mahali pa kufia ni katika elimu ya Allah peke yake. Mwaka jana pia hatukuijua kesho. Tulikuwa na tarehe za harusi, tiketi za ndege na ratiba za mihadhara, tukadhani tunaijua. Basi tusitafute mtu wa kutuondolea kutojua huku. Tutafute la kufanya leo, jioni hii.

Ya Allah, tunakiri udhaifu wetu. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliofariki ambao hatukuweza kujaa mazikoni mwao, walinde madaktari na wauguzi wanaoingia wodini na familia zao zina hofu. Wape riziki waliofungiwa riziki. Tufikishe Ramadhani, na utufungulie milango ya nyumba zako. Na unisamehe mimi kwa kila aliyedhurika kwa neno langu, nimjuaye na nisiyemjua. Amin.

Ombi la mwisho. Ile klipu ya dakika nne siwezi kuifuta. Imo katika simu zenu, na magurupu ya WhatsApp hayana mlango wa nyuma. Kila aliyeituma kwa mtu, namuomba kwa ajili ya Allah amtumie mtu yule yule na maneno haya. Mkeo, kakako, gurupu la familia, gurupu la msikiti. Mwambie: Ustadh amerudi nyuma, na kama una kikohozi na homa, nenda hospitali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.